Elia Haipendi Basketi

Leo nimemtetea mdogo wangu mbele za watu, akanikana palepale.

Tulikuwa dukani kwetu, Mchafukoge. Wateja wawili, mashabiki wa kikapu, wakaanza kubishana kuhusu Elia, senta wa timu ya mtaani kwetu.

"Chini ya goli hakuna wa kumsogeza yule," akasema mmoja. "Wiki ijayo maskauti wa nje, wale wanaosaka wachezaji, wakija, wanambeba."

Mwenzake akacheka. "Wambebe wapi? Mvivu! Mazoezini anakuja akijisikia."

Jamani, nikawaka. "Mdogo wangu anajituma kuliko wote!"

Kumbe Elia yuko stoo nyuma, anapanga vitenge. Akatoka huku ameinama, maana mlango ule haumtoshi.

"Dada, waache. Wanasema kweli. Basketi siipendi. Mlinipeleka kwa sababu ya urefu, hakuna aliyeniuliza."



Wateja walipoondoka akaniomba, "Mama asijue, dada. Wakinichukua, nitaenda tu."

Mama mwenyewe ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe anaenda kucheza Ulaya. Saa hizi ananipigia simu, anauliza begi gani la safari litamfaa Elia.

Simu inaita, sijaipokea.

Nyie mngemwambia?