Somo la tisa la Mama Sagesse

Saa moja asubuhi, katika mtaa wa Kimemi mjini Butembo, Emérence Kavugho anafuta kioo cha kompyuta kwa pindo la kitenge, anakaa wima na kuweka vidole vyote kumi juu ya herufi. Vidole havikosei. Kwa miaka ishirini na saba vimepiga taipureta bila yeye kuvitazama. Kinachomtesa ni kipanya. Akikisukuma kidogo, mshale unakimbilia pembeni na kupotea.

"Hii souris haina adabu," anasema. "Machine yangu ilikuwa inangojea mutu."

"Inakuheshimu, Mama Sagesse," anajibu Sadrack, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ambaye chumba hiki cha kupiga chapa na kutoa nakala ni chake. "Ndiyo maana inakukimbia."

Emérence ana miaka hamsini na mitatu na ni mjane. Jumatatu ijayo atapimwa na parokia moja ya mjini. Akifaulu, atanakili kwenye kompyuta madaftari arobaini na moja ya ubatizo, kuanzia la mwaka 1964, kwa dola themanini kwa mwezi. Asipofaulu, parokia itatafuta mtu mwingine, naye hana kazi nyingine anayoijua.

Zamani meza yake ilikuwa kwenye baraza, karibu na ofisi ya komini, serikali ya eneo hilo. Aliandika barua za malalamiko, mikataba ya mashamba na mialiko ya harusi. Siku njema alimaliza kurasa kumi na tano. Kisha ofisi zikaanza kudai karatasi za kompyuta. Mwaka juzi kuna wiki alizoandika kurasa nne tu, kwa utepe mkavu alioulowesha wino wa mihuri.

Aliyemwambia aachane na taipureta ni binti yake, Sagesse, mtoto pekee aliyembakia, ambaye alikuwa mfanyakazi wa Sadrack. Mchana wateja hawakumpa nafasi ya kumfundisha mama yake. Basi akamwandikia masomo, kila somo katika faili lake, kuanzia la kwanza hadi la tisa, na kuyaacha ndani ya kompyuta hii. Emérence alikuwa akija asubuhi kabla ya wateja, anafungua somo moja na kulifuata mstari kwa mstari.

Sagesse aliandika kama alivyosema, na kompyuta aliiita ordinateur, kwa Kifaransa. Somo la pili linaanza hivi: "Mama, hapana kupiga kitufe ya Entrée kwa mwisho ya mustari. Ordinateur inarudi yenyewe. Minajua hautaniamini. Jaribu tu."

"Sikuamini," anasema Emérence. "Nilipiga Entrée wiki muzima."

Somo la tano ni fupi: "Ukikosea, hapana kupasua karatasi. Finya Ctrl na Z. Kosa inatoka, sawa vile haikufanyika."

Emérence alikuwa amefika somo la sita, Julai mwaka jana, Sagesse alipokwenda Beni kumsaidia shangazi yake Bénie kuvuna maharage, katika shamba lililo nje kidogo ya nyumba za mwisho za mtaa wa Mulekera. Aliondoka Alhamisi, arudi Jumapili. Ijumaa asubuhi watu wenye silaha waliingia mashambani. Watu watano waliuawa, na Sagesse alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Kutoka Butembo hadi Beni ni zaidi ya kilomita hamsini. Barabara ilifungwa hadi mchana wa siku ya pili. Emérence alifika kwa pikipiki, maziko yakiwa yamekwisha.

"Nilikuta udongo ya kaburi ungali na maji," anasema.

Tangazo la msiba aliliandika mwenyewe kwa taipureta, nakala tatu, bila kosa hata moja. Kisha kwa miezi mitatu hakugusa mashine yoyote. Aliporudi kwa Sadrack, alisoma somo la saba na la nane. La tisa hakulifungua.

"Ikiisha hii, hakuna ingine," alimwambia Sadrack.

Angeweza kuendelea hivyo kama si karatasi ya majaribio. Wiki tatu zilizopita Siméon, msimamizi wa vitabu vya parokia, alimpa ukurasa mmoja wa ubatizo wenye watoto ishirini na wawili: jina, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, msimamizi wa ubatizo. Emérence alipanga safu zake kama alivyozipanga maisha yake yote, kwa kuhesabu mapigo ya kitufe cha nafasi. Kwa Sadrack, karatasi ilitoka imenyooka kama matuta ya vitunguu.

Siméon akalichukua faili kwa flash. Kompyuta ya parokia ilikuwa na herufi pana zaidi. Mistari ikavunjika, na majina ya akina mama yakashukia kwenye mistari ya chini. Mtoto Précieux akajikuta na mama wa jirani yake, na huyo jirani akabaki bila mama.

"Mama Sagesse," Siméon alimwambia aliporudi kwa Sadrack, akiwa na karatasi mkononi, "kwa ukurasa moja tu umegawa batoto ya parokia upya."

Sadrack alicheka. Emérence hakucheka. Cheti cha ubatizo huombwa siku ya ndoa, na kosa lililoingia kitabuni hukaa miaka.

"Kwa machine, neno lilibakia pale uliliweka," alijitetea.

"Hapa halibakie. Fanya tableau, kila jina ndani ya chumba yake. Nakupa mpaka Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Bila tableau, hapana."

Jedwali, hiyo tableau, ndilo somo la tisa. Sadrack alijitolea kumwonyesha, akisema ni kazi ya dakika kumi. Emérence alikataa. Siku zikapita, ikabaki wiki moja. Jana Sadrack alikosa subira.

"Mama, aliandika ili usome. Hakuandika ili ulinde."

Ndiyo maana asubuhi hii, baada ya kuhangaika na kipanya, anapeleka mshale juu ya faili la mwisho na kubofya mara mbili. Kichwa cha somo kinatokea. Chini yake kuna sentensi chache:

"Mama, tableau sikuweza kueleza kwa maandiko. Nimejaribu mara tatu. Hii tutafanya pamoja nikitoka Beni, nitakushika mukono."

Emérence anashuka chini ya ukurasa kutafuta mengine. Karatasi ni nyeupe. Anapanda, anashuka tena. Kwenye pembe ya chini kompyuta imeandika kwamba ukurasa ni mmoja kati ya mmoja. Sadrack anazima mashine ya nakala. Emérence anavua miwani, anaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji, anaivaa.

"Sadrack."

"Ndiyo, mama."

"Kamata kiti."

Sadrack anaketi kulia kwake. Anauliza kama anaweza kumshika mkono, naye anaitikia kwa kichwa. Mkono juu ya mkono wanachora safu tano na mistari ishirini na mitatu, mmoja wa vichwa. Halafu Sadrack anauondoa wake, na vidole kumi vinaanza kupiga. Kabla ya saa tatu watoto wote ishirini na wawili wako mahali pao. Wanabadilisha herufi, wanazipanua, wanazifinya. Hakuna jina linalohama. Emérence anachapa, anaweka rula chini ya kila mstari na kumhakiki kila mtoto na mama yake.

Akipata kazi, angependa kuanza na daftari la mwaka 2000, mwaka aliobatizwa Sagesse.

"Niandike jina yake na jina yangu kwa mustari moja," anasema, "na zisiachane."

Lakini Siméon alikwisha kusema kwamba vitabu vitafuatana kwa miaka. Daftari hilo ni la ishirini na tisa. Emérence amepiga hesabu: kwa kurasa nane kwa siku, akianza mwezi ujao, atalifikia mwezi wa kumi na moja.

"Nitafika," anasema, na kumwomba Sadrack karatasi nyingine.