Kilo Ishirini na Mbili za Shuka

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani na hakuna suruali iliyowahi kumshinda kupinda. Mwaka huo mkono wake wa kulia ulianza kumsaliti. Vidole vilikufa ganzi, na asubuhi moja mkasi ulikwenda mrama ukachana gauni la mteja kuanzia kiunoni hadi chini. Daktari aliuminyaminya mkono ule.

"Unakamua nguo kwa mkono?"

"Kila siku, daktari. Mama mkwe yuko kitandani mwaka wa tatu sasa. Shuka zake, mablanketi, sare za watoto watatu, ovaroli za mume wangu za gereji."

"Basi chagua, kukamua au kushona. Vyote viwili hutaviweza."

Kushona ndiko kulikomlisha, na shuka za mgonjwa hazisubiri. Mumewe akasema wanunue mashine ya kufulia, ila akamwonya kwamba wangeweza kununua mara moja tu. Ikifa mwaka ujao, Mama Pindo angerudi kwenye beseni, na beseni lingemalizia mkono.

Hakutaka kubahatisha. Alizitoa nguo za siku moja majini, akazitia kwenye gunia la plastiki, akambebesha mumewe hadi kwa muuza nyama wa jirani.

"Shemeji, leo tunauza shuka?" muuza nyama alimtania.

"Wewe pima, maneno weka akiba."

Mzani ulisema kilo ishirini na mbili. Akaziandika kwenye karatasi, akaenda nayo dukani akijiona mtu aliyejiandaa. Muuzaji, mwanamume wa tai na manukato ya kutosha watu wawili, aliisoma akatoa macho.

"Mama, kwako ni nyumba au hospitali?"

"Nyumba. Tuko sita."

"Ulizipima zikiwa kavu?"

"Nguo za kufua zinakuwaje kavu?"

Muuzaji alicheka mpaka akalegeza tai. "Kilo za mashine ni za nguo kavu, mama. Wewe umepima maji!"

Mama Pindo alitamani sakafu immeze. Yeye, mtu wa futi shingoni tangu usichana, kukosea kipimo! Muuzaji akaona amelainika, akamvuta kwenye mashine yenye mlango wa kioo na taa za buluu.

"Hii ikimaliza kufua inaimba."

"Nina watoto watatu. Nyimbo ninazo." Aibu ilikuwa imeanza kumtoka. "Zikiharibika mnazipeleka wapi?"

"Kuna fundi hapo nyuma. Lakini hizi haziharibiki."

"Sasa huyo fundi anakula nini?"

Hakungoja jibu. Uani alimkuta mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mbele yake mashine nne zimepasuliwa matumbo. Tatu zilikuwa za taa za buluu. Mzee aliliona lile futi shingoni mwake.

"Nawe fundi?"

"Wa nguo."

"Basi tutaelewana."

"Nionyeshe ambayo huletewi. Nguo zangu ni kilo ishirini na mbili zikiwa majimaji, na ndani yake mna mablanketi na ovaroli za gereji."

Mzee alicheka, akajifuta mikono, akarudi naye dukani hadi pembeni, kwenye mashine nene, fupi, yenye vitufe viwili tu.

"Hii ni kilo kumi, na nguo zako zikiwa kavu hazifiki. Pipa lake ni chuma mpaka nyuma. Zile nyingine nyuma ni plastiki. Blanketi likilowa linavuta upande mmoja, beringi zinazozungusha pipa zinalika, mwisho mashine inapiga kelele mtaa mzima. Ila usiishindilie. Na mifuko ya ovaroli uikague. Nati moja inaweza kulikwamisha pipa."

"Hiyo haina hata taa!" muuzaji alilalamika.

"Sinunui taa ya kusomea," alijibu Mama Pindo.

Siku mbili baadaye yule fundi mzee alikuja nyumbani kuifunga, akaisawazisha hata haikutikisika. Mama Pindo akatia shuka na blanketi la mama mkwe, akabonyeza. Mashine ikaanza kunguruma. Akabaki amesimama mbele yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Mkwe wangu," sauti ilitoka chumbani, "hicho ndicho kinafua?"

Akaenda mpaka mlangoni. "Ndiyo, mama. Kinafua shuka zako."

"Na kukamua?"

"Kinakamua chenyewe."



"Basi niletee maji. Kikombe kikubwa."

"Una kiu, mama?"

"Tangu ulipoanza kuangusha vitu. Nikinywa naloa kitandani, nikiloa unakamua. Ulidhani siuoni ule mkono ukiniwekea sahani? Nikawa nalowesha midomo tu."

 Siku zote hizo Mama Pindo aliamini mzigo ule anaubeba peke yake. Akachota maji, akamwinua mama mkwe kwa mkono wa kushoto, akamshikia kikombe. Alikunywa bila kupumzika, koo likipanda na kushuka, mengine yakimwagikia kifuani na kwenye shuka safi. Kilipokwisha alikisukuma.

"Ongeza."