Chrispin Hataki Kuipigia Kelele Filamu ya Gereza

Ni saa tisa alasiri, mtaani Kadutu. Ndani ya kibanda cha video, Chrispin Zagabe ameshika maikrofoni na haongei. Kwa mfasiri wa filamu, huko ni kutafuta kufukuzwa kazi.

Wafasiri wa vibanda hivi, wanaotafsiri filamu papo hapo mbele ya watazamaji, hawaachi kimya kipite. Mtu akifungua mlango tu kwenye skrini, wao wanapiga kelele na kutania. Watazamaji wamezoeshwa hivyo.

Lakini katika filamu hii, kichekesho cha gereza kilichotengenezwa ugenini kwa fedha za kuungaunga, hakuna mhusika anayetabasamu. Mfungwa amemaliza kifungo. Kila asubuhi anafunga begi, anakwenda getini. Mlinzi anamwambia mkubwa amesafiri na ufunguo, arudi kesho. Wanakunywa chai, basi.

Mara ya kwanza Chrispin aliijaza mizaha. Ukumbi ukapoa kama uji wa jana.

Mara ya pili alikuwa ametoka kumpelekea chakula gerezani mdogo wake, Ezéchiel, aliyeshtakiwa kuiba simu. Mwenye simu aliikuta chini ya godoro lake mwenyewe, akaenda kuomba radhi. Ezéchiel bado yuko ndani. Jaji, wanasema, amesafiri.

"Nilikuwa na kasirani, sauti ikakauka," anasema Chrispin. "Mulinzi alisema kesho, na miye nikasema tu: kesho. Bantu bakacheka mpaka bengine banalia. Bamama benye kupelekaka chakula mu prizo njo balianza kucheka."

Mwandishi wa habari hii naye alikwenda mahakamani kuuliza jaji atarudi lini. Alipewa kiti kizuri, akaachwa hapo mpaka ofisi ikafungwa. Inakera.

Gaston, mwenye kibanda, anaingia akifoka: mfasiri aweke vichekesho au arudishe maikrofoni.

"Bantu balipie kimya?" anauliza.

"Papa Gaston, hii haiko kimya," Chrispin anajibu. "Ni maisha yetu. Balituzoesha kungoja na heshima. Sasa unataka niifunike na makelele?"

Mama mmoja wa benchi la mbele anageuka. "Papa Gaston, ikala. Tunasikiliza."

Gaston anaketi.

Chrispin ana mpango mmoja: siku Ezéchiel atakapotoka, atampa maikrofoni. "Ile fasi ya mulango, pale mulinzi anasema kesho, aseme yeye."

Itakuwa lini?

"Leo asubuhi nilimuuliza mulinzi wa prizo," anasema. "Akanijibu kesho. Hakucheka. Miye pia sikucheka."