Mchumba wangu mpenda mashoka ya Kifini, na shoka la baba yangu alilolipeleka kiwandani Guangzhou

Wakuu, wenye mvi shikamooni, wengine habari za mihangaiko.

Hili limenikaa kooni miaka mingi, leo nalitema. Ni kweli tupu. Kama kuna mtu wa Guangzhou ya wakati ule humu ndani atanitambua, ila namuomba jina langu alimezee.

Ilikuwa kabla ya Olimpiki ya Beijing, enzi ambazo kila Mtanzania mwenye pasipoti alijiona mfanyabiashara wa kimataifa. Mimi ni mwanamke wa Mafinga. Nilikuwa nanunua jeans na viatu soko la Zhanxi, mzigo unafungwa, kontena linatoka bandari ya Nansha kwenda Dar. Shule sikufika mbali, lakini kwenye kupatana bei na laoban, yaani bosi wa Kichina mwenye mali yake, hapo naomba heshima yangu.

Mchumba wangu tulimwita Dokta. Alikuwa huko kwa skolashipu, anasomea udokta. Ulikuwa bado haujapatikana, ila ukimwita hivyo hakatai.

Sasa Dokta alikuwa na ugonjwa. Si pombe, si wanawake. Mashoka.

Na si ya kukatia kuni, la hasha. Alikusanya mashoka ya zamani ya Finland, Sweden na Norway. Mengine aliagiza mtandaoni, mengine aliyachimbua kwenye yadi za vyuma chakavu nje ya jiji, kule walikokuwa wakishusha takataka za Ulaya. Akilipata analiloweka kwenye siki litoe kutu, analisugua kwa brashi, analinoa kwa jiwe taratibu, mpini anaupaka mafuta ya kitani. Kisha analitundika ukutani kwenye chumba chake cha hosteli. Mwenzenu nikienda kumsalimia nakaa chini ya mashoka kama mbuzi wa Krismasi.

Na mihadhara sasa! Shoka likiguswa na mashine ya kusagia, kwake ni maiti. Likibadilishwa mpini usio wa asili yake, dhambi. Na feki? Akisikia neno feki uso unamkunjamana. Nikipita naye mtaa wa Guangyuan Xilu katikati ya marobota anatikisa kichwa, "Ninyi ndio mnaoiua Afrika kwa vitu vya kuigiza." Hapo kavaa raba feki niliyomuuzia mimi mwenyewe.

Mti hajawahi kukata hata mmoja. Niliwahi kumuuliza, akasema yeye yuko upande wa uhifadhi.

Ila nilimpenda, sitaficha. Mwanaume anayeweza kukaa jioni nzima akibembeleza kipande cha chuma, unajiambia hata mimi huyu atanitunza.

Kosa likaanzia mdomoni mwangu. Siku moja nikamwambia mbona na baba yangu analo la hivyo hivyo. Baba ujanani alifanya kazi ya kukata miti kwenye mradi wa misitu uliokuwa na Wazungu wa Finland. Mmoja wao alipokuwa anarudi kwao alimwachia shoka lake. Shoka hilo ndilo lililotusomesha, na jirani haazimwi hata akililia.

Dokta alinishika mikono yote miwili, macho yamemtoka. Wakuu, siku aliyonitamkia mapenzi hakunishika hivyo.

Kuanzia hapo sikulala. Nilipomwambia mpini una ufa na tundu limelegea, ndiyo kabisa: liletwe alirudishie uzima wake, ni urithi wa dunia. Na kwa kuwa alikuwa anataka kuleta posa, nikampigia baba nikamweleza yote mawili. Baba akasema:

"Mwambie alichukue. Akilirudisha zima kwa mkono wake, hiyo ndiyo barua ya posa nitakayoisoma."

Basi, ndoa yangu ikaning'inia kwenye shoka. Mama mmoja wa Makambako aliyekuwa anakuja kufunga mzigo alinibebea kwenye begi lake.

Chuma Dokta alikisafisha vizuri, nampa haki yake. Shida ikawa mpini. Alitaka ule uliopinda kama wa asili, na mkono wake kwenye mbao ni bure kabisa. Akasikia kuna karakana pembeni ya mji wanatengeneza nyundo na mipini.

Nikamwambia, "Dokta, hapa hakuna anayekutengenezea kitu kimoja. Ukiacha kitu, umeacha sampuli."

Naomba nieleze kwa ambao hawajafika. Mimi nikipenda suruali nanunua moja, naipeleka kiwandani. Wanaifumua mishono yote, vipande wanavitandaza mezani, ndivyo wanavyopata ramani ya kushona nyingine. Nikienda kuchukua mzigo wangu siulizi ile ya kwanza imeishia wapi. Inajulikana. Hata mgeni wa wiki moja pale anajua.

Dokta akanicheka. "Hayo ni ya jeans, mama. Hiki ni kitu cha historia. Nitawaeleza kwa Kichina fasaha."

Akaenda peke yake. Kaenda na shoka, na mchoro alioupiga mwenyewe kwa rula, vipimo kila upande. Jamani! Unampelekea fundi wa Guangzhou kitu na mchoro wenye vipimo, halafu unasubiri matengenezo! Laoban akamuuliza yanatakiwa mangapi. Dokta akajibu, "Kwanza hili moja, tulione."

Wakuu, hivyo ndivyo kila mnunuzi anavyoagiza sampuli. Laoban akasema mei wenti, hakuna tatizo.

Siku ya kuchukua akaniomba nimsindikize. Tukakaribishwa chai. Likaletwa boksi, ndani yake mashoka mapya yanang'aa, mipini imepinda vizuri, hadi chapa ya Kifini wameigonga. Laoban anatabasamu. Dokta akauliza, sauti imeshapungua, "Na la kwangu liko wapi?"

Laoban akaenda ndani akarudi na sinia. Shoka la baba limepasuliwa katikati kwa msumeno, nusu huku, nusu kule. Mpini umekatwa vipande vipande kama muhogo.

"Chuma kizuri sana, rafiki yangu," akasema kwa fahari. "Tumelipasua tuone ndani walilipikaje."

Nililia, tena kwa sauti. Laoban akadhani ni mbinu ya wanawake wa Kiafrika, akashusha bei.

Hakuwa na kosa yule mtu. Alifanya kazi aliyoletewa, na aliifanya sawasawa.

Njia nzima kwenye basi Dokta hakutoa mhadhara hata mmoja. Tulipofika akaniapia kwamba atakwenda kwa mzee na vile vipande mkononi na atamweleza mwenyewe, mwanaume kwa mwanaume. Hasira ikaniisha palepale. Nikamwambia baba atafoka, atanuna, kisha atakusamehe, maana baba anampenda mtu anayesema. Siku ile nilimpenda Dokta kuliko siku zote.

Kabla hatujasafiri, Mkenya aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja akanipigia analalamika. "Huyu jamaa yako ameweka shoka kwa basin, na vinegar, na chumvi, na majani chai. Room yote inanuka kama kachumbari imelala. Mwambie atoe ama nimtoe yeye!" Nikacheka. Nikajua ni ugonjwa wake ule ule, kapata jingine la yadi.

Tukafika Mafinga, baridi inakata masikio. Wazee wamekaa, mshenga yupo, shangazi zangu wamejipanga ukutani. Dokta kapiga salamu ya kwetu, "kamwene" yake ya kujifunza njiani, watu wamefurahi. Kisha akaweka kitambaa juu ya meza akaanza kukifungua. Nikashika pindo la khanga, nangoja vipande viwili vitoke.

Likatoka shoka zima.

Lina kutu ya kizee, chapa imefifia, mpini umeingia rangi ya chai. Hilo ni la laoban, mojawapo ya yale ya kwenye boksi. Ndilo lililokuwa kwenye beseni, likizeeshwa kwa chumvi na chai.

Baba akalipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalishaanza ukungu, na furaha ikamaliza uoni uliobaki. Akapapasa makali kwa kidole gumba, akasema, "Umeliponya." Machozi yakamtoka mzee wa watu. "Asante sana, mwanangu."

Nikamtazama Dokta. Nilimpa nafasi, wakuu, Mungu shahidi. Neno moja tu lingetosha.

Akakohoa. "Kazi ilikuwa kubwa mzee, lakini lilistahili." Halafu, naomba mnisikilize vizuri, akavuta kiti akaanza kumfundisha baba yangu namna ya kutambua shoka feki.

Sikutaka shoka wakati ule. Shoka nilishalilia likaisha. Nilikuwa natazama namna alivyoipokea ile asante, kwa raha, kama mtu anayelipwa haki yake.

Kwa desturi, kabla posa haijapokelewa, binti anaulizwa mbele ya watu. Mjomba akanigeukia. "Mwanangu, unawafahamu wageni hawa?"

Nikasema, "Siwafahamu."

Shangazi mmoja akadhani sijasikia, akarudia swali. Nikarudia jibu. Mshenga akakunja barua yake akairudisha mfukoni.

Dokta alimaliza masomo, sasa ni Dokta kwelikweli, nasikia anafundisha watu. Shoka lipo kwa baba na linachanja kuni vizuri tu, kazi ya laoban sina la kuitoa kasoro. Mimi ndiye mbaya kwenye hadithi hii pale Mafinga, binti aliyemkataa kijana mwenye mikono ya dhahabu bila sababu. Sijawahi kumwambia baba. Nikimwambia namnyang'anya shoka mara ya pili.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akikuvunjia kitu chako akakwambia, mnaweza kujenga naye nyumba. Akikaa akapokea shukrani ya alichokivunja, kimbia hata kama jiko limeshawashwa.

Juzi baba ameniita. Kasema siku akiondoka duniani, shoka lile nimtafute yule kijana nimpe, maana ndiye pekee aliyejua thamani yake. Nikajibu, "Sawa, baba."

Haya wakuu, uwanja wenu. Nimwambie mzee, au nikae na langu? Ila wewe unayetaka kuandika "si shoka tu hilo", tafadhali pita kimya kimya.