Sanduku Moja la Barua

Arlene Hrabovsky alikuwa na miaka hamsini na saba, na zaidi ya nusu ya umri huo aliumalizia akishona pindo kwenye kiwanda cha magodoro, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Hata siku za neema hakuwa mtu wa kuamini watu ovyo. Muuza nyama akimpimia soseji, yeye macho kwenye mizani. Alipofukuzwa kazi, tabia hiyo ikazidi.

Kiwanda kilisema ameacha kazi mwenyewe. Yeye alisema alikuwa hospitali akimuuguza dada yake, na alipiga simu kutoa taarifa. Akaomba mafao ya bima ya wasio na kazi, akangoja jibu. Kimya. Alipochoka akapiga simu ofisini, akaambiwa ombi lilishakataliwa, barua ilishatumwa, na muda wa kukata rufaa umepita.

"Barua gani?" akauliza.

"Tuliyokutumia, mama."

Akakata rufaa siku hiyohiyo, japo amechelewa. Kisha akaanza kutafuta mchawi, wala hakwenda mbali. Alipanga ghorofa ya juu kwa mzee Chester Gmiter, mgane aliyeishi chini. Nyumba nzima ilikuwa na sanduku moja la barua, mlangoni kwa Chester. Chester ndiye aliyezitoa barua na kumwekea Arlene zake kwenye ngazi. Na Dale, msimamizi aliyemfukuza kazi, alikuwa mtoto wa dada yake Chester. Mambo yakajipanga yenyewe kichwani mwa Arlene.

Hakumwuliza mzee. Alimvizia. Akisikia gari la posta, anashuka mbio na ndara. Ijumaa Chester alimletea tambi za kabichi, kama alivyozoea. Arlene alishukuru, akapanda, akazimwaga.

"Mbona siku hizi unanipita kama nguzo, jirani?" Chester alimwuliza.

"Nina haraka tu," akajibu, na kazi yenyewe hana.

Jumapili Dale alikuja kunywa bia na mjomba wake barazani. Arlene alisimama nyuma ya pazia akitega sikio. Walizungumza habari za samaki na lori bovu mpaka chupa zikaisha. Hilo nalo likamtia shaka: mbona hawakumtaja hata kidogo?

Suala la kuchelewa lilisikilizwa kwa simu. Arlene alikaa jikoni, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Mwamuzi, mama mwenye sauti tulivu, alimwuliza kwa nini rufaa ilichelewa.

"Barua iliibwa. Kaiiba mwenye nyumba wangu. Mpwa wake ndiye aliyenifukuza."

"Ulimwona akiichukua?"

"Sikumwona. Lakini namjua."

"Sikukuuliza kama unamjua, mama."

Kisha mwamuzi akamgeukia binti aliyeiwakilisha ofisi kwenye simu hiyohiyo, akataka kujua nani aliitia barua ile posta. Binti akasema kompyuta inaonyesha tarehe. Tarehe ya kuandikwa, au ya kutumwa? Hakujua. Yupo aliyeiona ikitoka, au kumbukumbu yoyote ya kuituma? Hakuna, ila kwa kawaida barua hutoka siku hiyohiyo.

"Kwa hiyo na wewe hukuona," mwamuzi akasema.

Arlene aliposhuka kupata hewa alimkuta Chester barazani, chini ya dirisha la jikoni, gazeti mapajani.

"Miaka tisa nakuletea barua zako," mzee akasema. "Hata matangazo ya sabuni sijawahi kukutupia." Akainuka, akaingia ndani.

Uamuzi ulitoka: ofisi haikuthibitisha kwamba iliituma barua, basi rufaa ipokewe. Baadaye kesi yenyewe ikasikilizwa, kampuni ya simu ikaonyesha kweli Arlene alipiga kiwandani, na mafao akapewa.

Wiki hiyohiyo Chester alipigilia ukutani sanduku la pili, lenye kufuli. Akamkabidhi Arlene funguo.

"Chukua zote mbili," akasema, "usije ukasema nimebaki na mmoja."

Ijumaa zikapita bila sahani ya tambi. Arlene aliusoma tena ule uamuzi, akitafuta panaposema barua ilikwenda wapi. Hapakuwepo. Kama haikutumwa, amemkosea mzee wa watu. Na kama ilitumwa? Mara kadhaa alifika mlangoni kwake kuomba radhi, akageuza bila kubisha hodi.

Kabla ya Krismasi alihamia kwa dada yake. Chester alimbebea mizigo hadi kwenye gari, akamtakia safari njema. Arlene akashukuru, akasubiri mzee aingie ndani, ndipo akaihesabu mizigo yake.