Mgombea wa Tatu Kibirizi

Mwaka ule wa uchaguzi wa Marekani, wauza dagaa wa soko la Kibirizi waliniomba niwafafanulie habari za redioni, kwa kuwa nafundisha uraia. Niliwaeleza kwamba kule kila kimoja cha vyama viwili vikubwa huanza na kura za mchujo, jimbo baada ya jimbo, kibaki na mgombea mmoja. Anayesimama nje ya vyama hivyo viwili mara nyingi humpunguzia kura yule anayefanana naye, na mpinzani wao hubeba jimbo bila hata kufika nusu ya kura.

Dada yangu, mmoja wa wauzaji hao, alikuwa anagombea uenyekiti wa soko. Mwanamke mwenzake naye aligombea, na mwanamume mmoja aliyetaka kuondoa chanja zao za kuanikia dagaa.

"Kwa hiyo mmoja wetu ajitoe?" dada akaniuliza.

"Hayo ya Marekani, dada. Wewe simama tu."

Nilitaka kumtia moyo. Mwanamume yule alishinda, ingawa kura za wanawake wawili kwa pamoja zilimzidi. Sasa dada anaanika mchangani, na wanunuzi wanampita. Nikimwamkia hujibu, "Marahaba, mwalimu." Zamani aliniita "mdogo wangu."