Tuni ya Gilbert Cobbold

Thomasin Pettit alikuwa msokota sufu kijijini kwetu Suffolk, Uingereza, na mumewe Ambrose alikuwa mfumaji. Zama za Malkia Mary, kuimba zaburi kwa Kiingereza kulimtia mtu mashakani. Ukitaka kusali, usali kwa Kilatini, uelewe usielewe. Ambrose hakukubali. Jioni, akifuma nguo kwenye kitanda chake cha mfumi, aliimba chinichini zaburi zilizotungwa kwa vina, mguu ukipiga mapigo, na Thomasin akimwitikia.

Jirani yao Gilbert Cobbold akaja kusimama chini ya dirisha, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kusema kwa wakubwa. Kulipopambazuka askari walimchukua Ambrose. Homa ilimuua gerezani Ipswich hata kabla hajahukumiwa. Thomasin alipokwenda kudai maiti, aliambiwa imeshazikwa, na hakuna aliyeweza kumwonyesha kaburi.

Malkia yule akafa, akatawala Elizabeth, mambo yakageuka. Zaburi zilezile sasa zikawa zinaimbwa kanisani na wote, wake kwa waume. Na nani akachaguliwa mzee wa kanisa? Gilbert. Alikaa mbele akiimba kutushinda sote, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mwachie Mungu, shoga," nilimwambia Thomasin.

"Nimemwachia. Ila huyu Gilbert ni msahaulifu. Mimi namkumbusha tu."

Zaburi ya mia na tisa ndiyo kali kuliko zote. Inamwombea dhalimu afe mapema, mkewe abaki mjane, wanawe wakaombe makombo. Thomasin akaitafutia tuni moja nzito, akatufundisha wanawake wote tuliosokota naye. Gilbert akipita kwenda kinuni kusaga nafaka, tunaianza. Akija sokoni, tunaianza. Niliimba na mimi, na sitaficha, niliona raha.

Gilbert akaenda kushtaki kwa mchungaji, naye akamwita Thomasin.

"Mama Pettit, zaburi ile usimwimbie tena Bwana Cobbold. Unamlaani mwenzako."

"Si imo kitabuni mwako, baba mchungaji?"

"Imo. Lakini chagua nyingine."

"Ile ya mchungaji na kondoo wake je? Nayo ina ubaya?"

"Hiyo imba hata kila siku, mama."

Zaburi zetu nyingi zina mizani moja, hivyo tuni ya hii huingia kwenye ile bila kupwaya. Jumapili Thomasin akaanzisha maneno ya kondoo na malisho kwa tuni ileile ya laana. Kanisa zima likaitikia. Maneno yalikuwa matamu, ila vichwa vilianza kugeuka, kimoja baada ya kingine, kumwelekea Gilbert.

Gilbert akafunga kitabu chake. Akainuka.

"Basi, nyamazeni. Ni mimi niliyesema. Niliogopa. Nisingesema mimi, angesema mwingine, na mimi ningechukuliwa pamoja na Ambrose kwa kunyamaza."

Thomasin hakupandisha sauti.

"Siku ile ulimsikiliza Ambrose mpaka ubeti wa mwisho. Kaa basi, na huu tuumalize."

Akaendelea kuimba, na sisi tukamfuata. Gilbert hakukaa. Alipita katikati yetu akatoka, mkewe nyuma yake amejifunika uso. Masika yalipofika walihamia Norfolk, na hakuna aliyekwenda kuwaaga.

Thomasin hakuona imetosha. Mwaka uliofuata alipita mchukuzi wa vitambaa aliyetoka pande hizo, Thomasin akamkaribisha bia na kumuuliza habari za Gilbert.

"Cobbold? Yupo," yule mchukuzi alisema. "Lakini tuni ile yenu imefika na huko, mama. Wanaipenda sana, kila zaburi wanaiimbia hiyo. Yeye hukaa karibu na mlango. Wakiianza tu, huyo, ametoka."

"Afya yake?"

"Amekonda."

Thomasin akamjazia tena kikombe, akavuta kigoda karibu.

"Hebu nieleze vizuri, mwanangu. Amekonda kiasi gani?"